Ubeti Nilioukata

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, nami ni fundi cherehani, na kanuni ya kwanza aliyonifunza ni kwamba nguo ya mteja haichekwi. Mtu akikuletea gunia umshonee suruali, unamuuliza mifuko aitaka mingapi. Kanuni hiyo nimeishika Mombasa, nimeishika London, na siku moja tu imenishinda. Mzee mmoja Mskoti alisimama mbele ya meza yangu katika soko la Woolwich, akatoa sketi kwenye mfuko wa plastiki, akaniomba niipunguze kiunoni. Nikamuuliza mkewe ana kiuno cha inchi ngapi. Akanijibu kwamba mkewe alifariki miaka sita iliyopita na sketi ni yake yeye mwenyewe. Ilinibidi niiname chini ya meza kutafuta pini ambayo haikuwa imeanguka.

Nilipoinuka nilijionea haya, maana mimi ni mtoto wa mtu aliyeishi umri wake wote ndani ya kikoi. Kwetu mwanamume kujifunga kitambaa kiunoni si habari. Nikaigeuza nguo ile, ambayo wao huiita kilti, nikaitazama kwa ndani, na hapo kicheko kikaniisha. Ilikuwa sufu nzito ya yadi nane. Marinda yamepangwa nyuma moja juu ya jingine, kila rinda limeshonwa kwa mkono kutoka kiunoni hadi nyongani, na mistari ya rangi imekutana pasipo kukosea uzi mmoja. Aliyeishona alimshonea baba wa mzee yule, na bila shaka alikuwa ameshaoza kaburini zamani. Nikamheshimu papo hapo. Siku hizi naletewa suruali zilizoshonwa na mashine zenye hasira, na nilikuwa sijaona mkono wa mtu kwenye nguo kwa muda mrefu.

Mzee aliniambia kwamba majira ya baridi yaliyopita alipigwa na kiharusi. Mwili ulipungua, mkono wa kushoto ukabaki mzito, na maneno mengine yakawa yanamkimbia. Alikuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu, mtu wa mabega mapana, na sasa kilti ya baba yake ilikuwa inamdondoka. Nilimpima, nikamwambia kazi hii haiharakishwi. Akasema hana haraka, akavuta kiti cha wateja, akaketi. Na alipoketi akaanza kuimba, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye peke yake jikoni.

Kiingereza changu kinatosha kwa vipimo, kwa barua za halmashauri na kwa kugombana na watu wa umeme. Kiskoti chake nilikipata nusu. Nilielewa kwamba kuna msichana, kuna kijana aliyevuka bahari, na msichana anamngoja arudi. Wimbo wa mapenzi basi, nikajisemea, na nikaendelea kufumua uzi. Lakini nilipomtazama usoni nikaona taya imemkaza. Nikamuuliza huyo kijana ni nani hasa.

Akaniuliza kwa nini nauliza.

"Kwa sababu hakuna msichana amngojeaye mchumba kwa hasira namna hiyo," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia ameimba nyimbo zile London kwa miaka arubaini, watu wamempigia makofi, wamemwambia ni tamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kisha akanieleza. Zamani, miaka mia mbili na ushei, mwana mmoja wa mfalme alivuka bahari akaja Uskoti kudai kiti cha baba yake. Watu wa milimani wakamfuata, wakapigana, wakashindwa vibaya. Nyumba zikachomwa, wanaume wakawindwa, na mwana wa mfalme akakimbia kwa mashua asirudi tena. Kumsifu kukawa hatari. Hata kilti ikapigwa marufuku. Nikaacha kufumua niliposikia hilo, maana sheria ya kumkataza fundi kushona nguo ya kwao niliiona inanigusa mimi binafsi. Basi watu wakaimba juu ya mchumba aliye ng'ambo, juu ya ndege, juu ya ua jeupe, na kila aliyesikia alijua anayeimbwa ni nani.

Hapo sasa alikuwa amekuja nyumbani kwangu. Nilimwambia kwamba amefika mahali pake, kwa kuwa mimi nimezaliwa katika watu ambao hawawezi kuomba chumvi pasipo kuipitishia kwenye fumbo. Nikamweleza taarabu ya kwetu, jinsi mwimbaji anavyoimba juu ya waridi na mwiba, na ukumbini kuna mke mwenza mmoja ambaye jasho linamtoka. Nikampa na methali: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Aliipenda sana. Akanionyesha nao walivyofanya: karamuni, wakati wa kumtakia mfalme afya, watu wake wa zamani walipitisha gilasi juu ya jagi la maji kabla ya kunywa, maana yake mfalme wetu ni yule aliye ng'ambo ya maji. Alinionyesha kwa kikombe cha chai juu ya chupa yangu ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Tangu siku hiyo kila Alhamisi alipokuja tulipitisha vikombe juu ya chupa ile kabla ya kunywa, na mama anayeuza vitambaa meza ya pili akawa anaamini sote wawili tumechanganyikiwa.

Yeye aliniita fundi, neno nililomfunza mimi, nami nilimwita mzee, naye akalikubali alipojua kwamba kwetu si tusi. Kilti niliishughulikia polepole kuliko ilivyohitaji. Nakiri hilo. Nilipenda kumsikiliza. Wimbo baada ya wimbo walikuwa ni walewale walioshindwa, wamejificha mapangoni, wamepanda jukwaa la kunyongewa wakiwa na utani mdomoni, wamevuka bahari. Siku moja nilimuuliza kama angetaka wafalme wale warudi. Akasema hawezi kuwastahimili wafalme wa aina yoyote, na akipewa kura leo atawaondoa wote kabla ya chakula cha mchana.

"Sasa walia nini?" nikamuuliza.

Akasema huyo kijana wa kifalme yeye hamjali hata kidogo, alikuwa mlevi na alikufa kitandani. Anaowalilia ni watu waliomfungulia mlango. Walikuwa maskini, na aliyewatajia askari mahali kijana alipojificha angepata dhahabu, nao hawakumtaja. Hilo nimelikumbuka mara nyingi. London imejaa masanamu ya walioshinda, juu ya farasi na juu ya nguzo, njiwa wanayaketia. Nimeishi hapa zaidi ya miaka thelathini na sijamsikia mtu akiwaimba wakati anapiga deki. Walioshindwa ndio wanaoimbwa, na wanaimbwa na watu kama mzee yule, wenye pensheni ya serikali ileile iliyowashinda.

Wimbo mmoja tu hakuniimbia. Ulikuwa wa mama yake. Una beti ishirini na mbili, haumo kitabuni popote alipotafuta, na mama yake aliuimba akikanda unga wa mkate. Mzee hakutaka kuuimba kwa vipande, wala kuueleza. Ulikuwa wimbo wa kuimbwa mzima. Tangu kiharusi kimpate alikuwa hajathubutu. Alifanya mazoezi peke yake nyumbani na kila mara beti zilimponyoka. Binti yake yuko Kanada na haimbi. Mzee aliniambia, bila kunitazama, kwamba atajaribu mara moja mbele ya watu, amevaa kilti ya baba yake. Akiumaliza, atajua ugonjwa haujamchukulia mama yake. Akishindwa, hatauimba tena, na utaisha naye. Kisha akaniomba niwepo.

Watu wake wa nyimbo hukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, alasiri, katika chumba cha ghorofani juu ya baa. Nilipomweleza mke wangu, akaweka kisu chini, akaacha kukata vitunguu.

"Umri huu ndio waanza kwenda baa?"

"Si baa. Ni ghorofani."

"Kwani baa ikipanda ngazi huwa msikiti?"

Hata hivyo alinifungia mahamri kwenye sahani, kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na akaniambia nikivuta hewa ya mle ndani niivute kidogo. Kilti ilikuwa bado kuisha kwa sababu ya uzembe wangu wa kujitakia. Mzee alisema ataimba hivyo hivyo, kwa suruali, maana akingoja tena ataogopa. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na lile dogo.

Walikuwa watu ishirini hivi, wengi wenye mvi, wamevaa sweta. Hapakuwa na ala wala kipaza sauti. Walikaa kwa duara, na zamu ilizunguka: ukifikiwa unaimba, au unasema napita. Na mtu anapoimba wengine hufumba macho, au hutazama viatu vyao. Hakuna anayetikisika. Ukumbi wa kwetu ukimsikiliza mwimbaji namna ile, mwimbaji atauliza ni nani aliyekufa.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu, kwa ajili ya asiyelijua. Katika taarabu, neno likikugusa hukai. Unainuka kwenye kiti, unajongea mbele taratibu, unayumba na mdundo, noti umeishika juu watu waione, na unamtuza mwimbaji mkononi, au unaibandika kwenye paji la uso. Na si neno lolote. Unainuka kwenye neno lililo lako, na ukumbi mzima unaona kwamba umelichukua. Mwimbaji hakatizwi na tuzo. Tuzo humpa nguvu, analirudia neno lile mara tatu, na pengine hulia naye.

Zamu ikamfikia mzee. Alisimama, mkono wa kushoto ukining'inia, akafumba macho, akaanza. Nilikuwa nimeshayazoea matamshi yake, kwa hiyo nilifuata. Vita vimekwisha. Kijana amerudi kwa mama yake usiku kucha kwa miguu. Asubuhi askari wanapanda kilima. Mama anamfunika mwanawe kwa hori la mbao la kukandia unga, analipindua juu yake, anaweka unga juu ya kitako cha hori na kuanza kukanda. Beti zilikuja moja baada ya nyingine, kumi, kumi na mbili, na niliona watu kadhaa wakishikana mikono, kwa kuwa walijua alichokuwa anakijaribu. Askari wanaingia. Wanauliza, mwanao yuko wapi? Mama hainui uso. Anasema yeye hakujaaliwa mwana wa kiume.

Niliinuka.

Zamani, kwetu Mombasa, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimeandamana pamoja na vijana wengine kwa mambo ambayo vijana huandamania. Rafiki yangu alikuwa amekamatwa, na jina langu lilikuwa limetajwa. Asubuhi moja askari wawili walibisha mlango wetu, Mji wa Kale. Mama alikuwa akikanda unga wa mahamri ya kuuza, pamoja na shangazi zangu wawili. Alinitupia buibui la dada yangu, akaniketisha kati yao, akanisukumia bakuli la unga. Nilikuwa na ndevu za siku tatu. Niliinamisha kichwa ndani ya bakuli na kukanda kama mwenye ugomvi na unga. Wakamuuliza mwanao yuko wapi. Mama, mikono yake imezama kwenye unga, akasema, "Mimi mwana wa kiume sina." Alisema kama ambavyo angesema kwamba sukari imekwisha.

Baada ya siku tatu nilivuka mpaka, na baada ya mengi nikafika London. Siku ya kuondoka mama hakutoka mlangoni, majirani wasije wakaona. Karatasi zangu zilichukua miaka tisa kunyooka, naye alifariki mwaka wa nane. Simu aliiogopa, aliamini inasikilizwa, kwa hiyo dada yangu alizungumza kwa niaba yake: mama akusalimia, mama asema ule vizuri. Mara moja dada alinichekesha kwa kunipa habari kwamba uzee umemlainisha mama, kwamba kila Ijumaa hutenga mkate dirishani na hamruhusu mtu kuugusa, asema ni wa paka. Nilicheka kwelikweli, maana mama niliyemjua mimi alikuwa akiwarushia paka kandambili.

Kwa nini alisema hana mwana, nilijua. Aliniokoa kwa maneno matano. Lakini yalikuwa ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema juu yangu kwa mdomo wake, na sikio halisikilizi sababu. Miaka yote hii, nikiwa napiga pasi au nangoja basi, nimelisikia lile sina. Sijawahi kumwambia mtu kwamba linaniuma, kwani ingekuwa utovu wa shukrani.

Basi neno lilikuwa langu. Nilijongea katikati ya duara kwa mwendo wa taratibu, nayumba, noti juu, machozi yananitoka, nikafika mbele ya mzee, nikamtuza mkononi. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Haukushika. Noti ikaanguka sakafuni.

Mzee akafumbua macho. Akaitazama noti, akanitazama mimi, na wimbo ukakatika. Alifungua mdomo mara mbili na ubeti haukuja. Nami nimesimama pale katikati, mtu mzima mwenye wajukuu. Kisha akawaambia watu samahani, akaketi. Bibi mmoja aliyekaa karibu naye akaanzisha wimbo mwingine haraka, kwa wema tu. Mtu aliokota noti akaiweka juu ya meza karibu na mahamri, na hakuna aliyeigusa tena.

Nyumbani mke wangu alinitazama usoni na hakutania, ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya. Mzee hakuja Alhamisi ile, wala iliyofuata. Nilimaliza kilti siku mbili tu baada ya mkosi ule, kwa sababu mtu aliyekosa hupata bidii ghafla, nikaitundika nyuma yangu. Ilikaa pale majuma matano. Nilitunga maneno ya kuomba radhi na yote yalinuka uongo. Mwishowe mke wangu alikuja sokoni kuniletea chakula, akaiona, akaishusha mwenyewe.

"Nguo ya mtu haitaki aibu yako," akasema. "Yamtaka mwenyewe. Mpelekee."

Nilimpelekea. Anakaa Plumstead, nyumba ya chini, mlango wa kijani. Alinifungulia, akanikaribisha, akachemsha maji ya chai kwa mkono mmoja, na hakunikubalia nimsaidie. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Nilidhani ataniambia nimemharibia jambo aliloliwekea tumaini lake lote, na angekuwa na haki. Badala yake alikaa, akatazama kikombe chake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Niliimba vibaya kiasi hicho, fundi?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, na niliona inavyomgharimu kusema. Aliiona noti ile kuwa ni sadaka. Alidhani nimemhurumia mgonjwa anayehangaika na maneno, nikampa kitu kama wanavyopewa wanaoimba kwenye ngazi za stesheni, ili aketi apumzike. Majuma matano nilikuwa najificha nikiamini nimemkasirisha, naye amejificha akiamini amenitia aibu. Usilolijua ni usiku wa kiza, na sisi wazee wawili tulikuwa tumepotea humo humo kwa kukosa kuulizana.

Nilimweleza kutuza. Nilisimama pale kwenye zulia lake na kumwonyesha mwendo wake, noti juu, mpaka akatabasamu. Nikamwambia kwamba nilikuwa namheshimu kwa heshima kubwa kuliko zote nilizo nazo, na kwamba kwetu mtu huinuka kwenye neno lililo lake. Akaniuliza kwa nini lile. Nikamwambia. Sikuwa nimekusudia, lakini nilimwambia yote, buibui na ndevu na bakuli la unga, na neno lenyewe nililisema kwa Kiswahili kwanza, kisha nikamfasiria. Hakunipa pole. Akaweka kikombe chini.

"Alikuwa akikanda?" akauliza.

"Alikuwa akikanda."

Akachukua kikombe chake, akakipitisha juu ya jagi la maji lililokuwa mezani, akanywa. Nami nikapitisha changu. Ndipo nikamuuliza lililokuwa limenikaa rohoni tangu siku ile: wimbo unaishaje, yule mama anakuwaje? Kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeukata kabla ya kujua. Akakataa kunieleza. Alisema wimbo ule hausimuliwi, niende nikausikie. Nikamwambia ni mzee mkaidi, na kwamba huenda sote tukafa kabla. Akasema ndiyo, huenda, akajaribu kilti juu ya suruali, ikamkaa barabara.

Mwezi uliofuata zamu ilipomfikia alisema napita. Mwezi wa pili wake akasema napita. Nilikuwa nimekaa mbali, karibu na mlango, na kila aliposema napita nilihisi ni mimi ninayemziba mdomo. Alikuwa ameapa kujaribu mara moja tu, na ile moja niliila mimi. Mwezi wa tatu mke wangu alifunga mtandio akasema anakuja. Alitaka kuiona baa iliyopanda ngazi, na pia, alisema, kuna mtu anahitaji kushikwa shati. Pochi yangu niliiacha nyumbani makusudi. Sikujiamini.

Tulipoingia mzee alikuwa ameshavaa kilti. Zamu ikazunguka. Ilipomfikia alisimama, na chumba kikajua.

Safari hii sikufumba macho. Nilikalia mikono yangu na mke wangu alinishika upindo wa koti. Askari wakapanda kilima. Mama akapindua hori la kukandia. Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba kuliko mara ya kwanza, lakini haikusita. Askari wakauliza. Mama hakuinua uso, akasema hakujaaliwa mwana wa kiume.

Na mzee akanyamaza.

Niliona watu wakitazamana, na yule bibi mwema wa karibu naye akivuta pumzi ili aanzishe wimbo mwingine. Niliona wimbo umekatika tena palepale, na safari hii sijamgusa. Kisha mzee akafumbua macho. Akazunguka chumba kwa macho mpaka akaniona mlangoni, akainua mkono wa kushoto, ule mzito, ukitetemeka, akaukunjua kiganja juu. Akangoja.

Mke wangu akaachia koti langu.

"Inuka, wewe," akaniambia. "Mwimbaji akungoja."

Niliinuka. Mfukoni sikuwa na kitu isipokuwa tepu yangu ya kupimia, ambayo haitoki huko hata siku ya Idi. Nikaikunjua, nikaiinua juu kwa mikono miwili, nikajongea taratibu katikati ya wale watu wa sweta, nayumba, na hakuna aliyetazama viatu vyake. Nikamvika mzee shingoni. Akaulizwa tena yule mama, na akajibu tena, kwa maana mzee aliurudia ubeti ule kama nilivyomfunza kwamba kwetu hurudiwa. Kisha akaendelea, bila kusita, akaingia kwenye beti nisizozijua, na mimi nikabaki nimesimama mbele yake.

Askari wanashuka kilima. Kijana anavuka bahari, harudi. Mama anazeeka. Kila siku ya kuoka anaoka mikate miwili, mmoja anakula, mmoja anauweka dirishani, na majirani wanamuuliza wa pili ni wa nani. Anawaambia ni wa mbwa. Na ubeti wa ishirini na mbili, ambao mzee aliumaliza ananitazama, unasema tu kwamba katika nyumba ile hapakuwa na mbwa.

Watu walipiga makofi, nadhani. Mzee alikuwa amenishika bega na mkono wake mzima. Mimi nilikuwa mbali, kwenye dirisha letu la Mji wa Kale, siku ya Ijumaa, na mkate umetengwa na hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Mama yangu, maisha yake yote, hakuwahi kumpenda paka.